Swali Moja la Zuhura

Wanangu mnaoanza kazi ya ukarani wa mahakama, ikifika saa tatu asubuhi siku ya kazi, koo langu bado hujisafisha lenyewe. Nipo Mikumi, uani kwa binti yangu, nachambua mchele kwenye ungo, malori yanapita barabarani kwenda Iringa, lakini koo linajua kwamba huu ndio wakati wa kusimama mlangoni na kuita watu. Basi nakohoa kidogo, nanyamaza, naendelea na mchele. Wajukuu wamezoea. Wanadhani ni vumbi.

Mwenzenu mmoja aliyepangiwa mahakama ya mwanzo alinipigia simu, akanisalimia vizuri, akaniomba niwaeleze kesi ya madai inavyokwenda. Nikamwambia sheria mmeisoma chuoni, tena mmeisoma kuliko mimi. Akasema siyo sheria wanayotaka, wanataka yale yanayotokea. Hayo ninayo. Maisha yangu yote ya kazi niliyapitisha Kilosa, katikati ya meza ya hakimu na mlango, na kutoka pale mtu unaona mengi. Nitayasema yanavyonijia, msinidai mpangilio.

La kwanza, watu wanaogopa. Ninyi mtaliona jengo kama ofisi, mwenzenu anayetoka Rudewa analiona kama mdomo wa gereza. Kuna mzee mmoja alidaiwa cherehani na jirani yake. Jirani alisema alimwachia atunze, mzee alisema alipewa moja kwa moja. Siku ya shauri mzee akaingia na blanketi begani, sabuni ya kipande, na mswaki kwenye mfuko wa shati. Hakimu akamuuliza blanketi ni la nini. Mzee akasema amejiandaa, ameshaaga nyumbani, na mbuzi amemwachia shemeji. Ukumbi ulicheka, mimi nikacheka pia, mpaka nilipomwona analikunja upya lile blanketi, pembe kwa pembe. Hakimu hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba hapa hakuna mshtakiwa, kuna watu wawili wenye jambo lao, kila mmoja atalisema, atamuuliza mwenzake, ataleta walioona, kisha mahakama itapima maneno ya nani yana uzito zaidi. Mwisho wa yote mmoja ataondoka na cherehani, na wote wawili watalala kwao. Mzee alisikiliza, akaomba arudiwe hapo mwisho. Akarudiwa. Ndipo akakaa.

Kwa hiyo mtu akifika dirishani kwenu na samansi ya madai, kabla hamjamuuliza namba ya shauri mwambieni kwamba leo atarudi nyumbani. Haiwapunguzii kitu.

La pili ni neno "kutajwa." Sisi tunajua shauri likija kwa kutajwa, hakimu anaangalia tu limefikia wapi, anapanga siku ya kusikilizwa, mnaondoka. Bibi mmoja wa milimani, kwetu kule Ukaguruni, aliambiwa shauri lake litatajwa siku ya Jumatano. Akashuka na ukoo mzima: wajomba, binamu, mwalimu mstaafu wa shule ya misheni, na kapu la viazi vya kuchemsha maana hakujua wangemaliza lini. Shauri likatajwa, likapangiwa tarehe nyingine, likaisha kabla bibi hajavua viatu vyake vya safari. Akaniuliza kwa Kikaguru kama wametajwa vizuri. Nikasema wametajwa vizuri sana. Tukala vile viazi wote barazani, na mimi nilikula vingi. Tangu siku ile niliacha kusema kutajwa bila kueleza. Nilisema: mama, siku hiyo njoo peke yako.

Aliyenifundisha kuita majina alikuwa Mzee Yeremia, karani wa zamani, mtu wa milimani kama mimi, aliyevaa koti hata mwezi wa kumi na mbili. Yeye aliamini kwamba kesi nyingi hupotea mlangoni. Mtu ameitwa, hajasikia, ameandikwa hayupo, shauri limesikilizwa upande mmoja, na mwenyewe kumbe yuko chini ya kivuli nyuma ya choo. Mzee Yeremia aliita jina, akatoka nje, akaita tena kuelekea barabarani, kisha akawauliza watu, "Huyu nyumbani mnamwitaje?" Ndivyo tulivyompata mtu aliyeandikwa Ferdinandi ambaye kijiji kizima, pamoja na mke wake, walimjua kwa jina la Sungura. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Alisema alisikia Ferdinandi anaitwa, akamhurumia kwa kuchelewa.

Mzee Yeremia alishafariki. Siku hizi wenye mashauri wanapata ujumbe kwenye simu, na shahidi aliyeko mbali anaonekana kwenye kioo, anaapishwa akiwa kwake. Sisemi ni vibaya. Nimeona wazee wakitoka Kisanga kwa bodaboda kwenye tope la masika ili waseme maneno mawili, wakirudi wanaumwa mgongo wiki nzima. Ingekuwepo njia hiyo wakati ule wangepona. Lakini kuna kitu nakikosa, na nikikisema binti yangu ananicheka. Nakosa kalamu ya hakimu.

Zamani hakimu aliandika kila neno kwa mkono. Shahidi alisema sentensi, akasubiri. Kalamu ikakwaruza, ikafika mwisho wa mstari, ikarudi. Mle ndani mlikuwa kimya, unasikia njiwa kwenye bati. Na shahidi aliyesimama kwenye ule ukimya, macho ya watu yakiwa juu yake, alikuwa anajisikia mwenyewe alichosema. Wengine walijisahihisha hapohapo. Wengine waliongeza jambo ambalo hakuna aliyewauliza. Nilijifunza kuwatazama watu wakati kalamu inaandika kuliko wakati wanaongea.

Sasa niwaambie ya Zuhura, maana ndiyo hasa ninayoikumbuka nikiwa na ule mchele.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Alikuja dirishani mwanamke wa makamo, khanga safi, miguu ina vumbi la njia yote ya Mikumi, ile inayopita kijiji cha Ulaya. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Nikamuuliza nimsaidie nini.

"Mama, samahani," akasema. "Hapa ndipo wanapoandika watoto wa mtu?"

Nilidhani anataka cheti cha kuzaliwa, nikaanza kumwelekeza ofisi nyingine. Akatikisa kichwa. Akaonyesha tangazo lililobandikwa ubaoni nje. Lilikuwa tangazo la mirathi. Mzee Salehe, aliyekuwa mfanyakazi wa njia ya reli, amefariki, na mwanawe Shabani anaomba kuwa msimamizi wa mirathi yake. Watoto walikuwa wametajwa majina. Zuhura alisema yeye ni mtoto wa Mzee Salehe, wa Mikumi, na hayumo. Dereva wa lori anayekula kwake ndiye aliyempa habari kwamba baba yake amekufa, na alipozipata, baba alikuwa ameshazikwa.

Zuhura alikuwa anapika na kuuzia madereva chakula pale barabara kuu. Mama yake alikuwa amefariki siku nyingi. Alinieleza kwamba zamani baba yake alipelekwa na reli kutengeneza njia upande wa Mikumi, akakaa huko, akamwoa mama yake, akazaliwa yeye. Kisha kazi ikamrudisha Kilosa kwa familia yake ya kwanza. Akawa anakuja, baadaye akawa anakuja mara chache, baadaye hakuja. Shuleni watoto walimwita mtoto wa reli. Alisema hataki nyumba wala shamba, ana biashara yake, anakula. Anataka akifa na yeye, wanawe wajue babu yao alikuwa nani, bila mtu kucheka.

Nikamweleza kazi ilivyo. Kwamba hilo linaitwa pingamizi, na likishaingizwa linasikilizwa kama shauri lolote la madai. Kwamba anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, kwa hiyo yeye ataanza. Kwamba wale ni Waislamu, na mahakama itauliza kama mama yake aliolewa au hakuolewa, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama anahesabiwa kwenye urithi wa baba. Kwa hiyo alete walioiona ndoa. Akaniambia sheikh amekufa, mashahidi wamekufa, amebaki mama yake mdogo, ambaye siku ile alikuwa mtoto. Nikamwambia alete aliyebaki.

Hapo ndipo kazi ya karani inapouma, wanangu. Nilitamani ashinde kabla sijasikia upande wa pili hata neno moja. Lakini dirishani unaeleza utaratibu, huelezi cha kusema. Nilimpa utaratibu, nikafunga mdomo.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Hakimu alikuwa Mheshimiwa Tumaini, mwanamama mdogo kwangu kwa umri, mtulivu, mwenye tabia ya kuvua miwani anapotaka kuuliza jambo zito. Kushoto na kulia kwake walikaa wazee wawili wa baraza, wanaotoa maoni yao pamoja naye. Niliita, wakaingia. Shabani alikuwa mtu mrefu, mkulima wa mpunga, shati limepigwa pasi. Alimshika mkono mama yake, Bi Mwanahawa, mjane wa marehemu, akamkalisha kwenye benchi la nyuma taratibu kama mtu anayeweka mayai chini. Nilipoona vile, ile hamu yangu ya Zuhura kushinda ikaanza kunisumbua. Yule hakuwa mtu mbaya.

Zuhura akaapa, akaeleza. Shabani akapewa nafasi ya kumuuliza maswali, na maswali yake yalikuwa ya haki. Una picha ya baba na mama yako? Hana. Baba aliwahi kukupeleka Kilosa? Hajawahi. Aliwahi kuwaambia ndugu zake mbele yako kwamba wewe ni mwanawe? Ndugu hajawajua. Kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Mama yake mdogo naye akaja, akasema anakumbuka shughuli, anakumbuka pilau, anakumbuka wanaume wamekaa kwenye mkeka na dada yake yuko ndani amepakwa hina. Mzee mmoja wa baraza akamuuliza kama alisikia maneno ya kuozesha. Akasema ukweli wake, kwamba alikuwa mdogo, alikuwa anangojea nyama.

Watu walicheka. Zuhura hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Ikaja zamu ya Shabani. Alisema baba yake aliishi na mama yake miaka yote, alikuwa mtu wa swala, na hakuna siku alitaja mke mwingine. Alisema haongei kwa ajili ya shamba, shamba lenyewe dogo. Anaongea kwa sababu mama yake yu hai, na hataki mtu aje baada ya mazishi kumwambia mama mzee kwamba mumewe alikuwa na maisha mengine. Kisha akamwita mama yake kuwa shahidi.

Bi Mwanahawa alipanda kizimbani kwa shida. Alisema Kiswahili kinamchosha, anaomba aseme Kisagara. Mimi ni Mkaguru, lakini niliolewa na Msagara, na lugha ile niliipata jikoni na chumbani kwangu. Nikala kiapo cha ukalimani, nikasimama ubavuni pake. Shabani alimuuliza mambo machache: ndoa yake, watoto wake, miaka yao. Alijibu vizuri, nikatafsiri. Alipoulizwa kama mumewe aliwahi kuleta mke mwingine nyumbani, akasema nyumbani kwake hajawahi kuingia mke mwingine. Kalamu ikaandika. Mheshimiwa akamgeukia Zuhura, akamwambia sasa ni nafasi yake ya kumuuliza shahidi.

Wengi hapa hukosea, nanyi mtawaona. Mtu akipewa nafasi ya kuuliza, anahutubia. Anamwaga hasira, anasimulia upya kesi yake, hakimu anamkatiza mara kwa mara: uliza swali, usitoe maelezo. Nilijua Zuhura atafanya hivyo. Alisimama, akavuta khanga vizuri.

"Shikamoo mama," akasema.

Bi Mwanahawa alimtazama kwa mara ya kwanza. Salamu ile huwezi kuiacha chini, hata mahakamani.

"Marahaba," akajibu.

"Nina swali moja tu, mama. Baba alipokuwa anarudi kwako kutoka Mikumi, nguo zake alikuwa amezifua nani?"

Shabani alikunja uso. Mzee mmoja wa baraza aliinama kuelekea kwa mwenzake. Mimi nikatafsiri, ingawa nilijua bibi amelielewa. Kalamu ya Mheshimiwa iliandika swali, ikamaliza, ikasimama. Njiwa walitembea juu ya bati. Bibi alikuwa ameshika ule ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

Kisha akasema, kwa Kisagara, kwamba zilikuwa zimefuliwa. Kwamba wanaume wa reli aliwajua, walirudi na mafuta na kutu mpaka kwenye kola, lakini wake alirudi na nguo zinazonuka jua. Na palipochanika palikuwa pameshonwa, kwa mkono mzuri kuliko wake yeye. Nikatafsiri. Kalamu ikaandika. Na katika ule muda wa kuandika, bila kuulizwa na mtu, bibi akaongeza sentensi moja.

Sentensi hiyo ilikuwa na neno ambalo kwa lugha ile, jinsi nilivyoijua, linabeba mambo mawili. Unaweza kusema mtu kamchukua mwanamke, na unaweza kusema kamwoa, neno ni hilohilo. Marehemu mume wangu alilitumia alipokuja kwetu milimani na wazee wake, na kaka zangu walicheka kwa sababu wao walisikia amekuja kunichukua kama kikapu. Tangu afariki sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu. Likaja pale, kizimbani, na hatima ya mwanamke mwingine imelala juu yake.

Ningesema kamwoa, hakuna ambaye angenipinga. Zuhura alikuwa ananitazama. Lakini mkalimani ameazimwa mdomo tu, uamuzi si wake. Nikasema, "Mheshimiwa, shahidi anasema nilijua kuna mtu aliyemchukua kule. Neno alilotumia linaweza kumaanisha alimchukua, na linaweza kumaanisha alimwoa. Naomba mahakama imuulize mwenyewe."

Mheshimiwa Tumaini akavua miwani. Akamuuliza bibi, ni lipi kati ya hayo mawili.

Bi Mwanahawa hakunisubiri nitafsiri. Akajibu kwa Kiswahili, sauti ndogo lakini kila mtu aliisikia.

"Alioa. Kwa sheikh na kwa mahari. Alikuja akaniambia mwenyewe, hakunificha. Mimi ndiye niliyemwambia asilitaje jina lake ndani ya nyumba yangu mpaka nife. Akalishika neno langu. Amekufa yeye kwanza."

Shabani alikuwa bado amesimama. Alikaa.

Mheshimiwa akamuuliza bibi kwa nini hakulisema hilo mapema. Akasema hakuna aliyemuuliza kuhusu Mikumi. Waliuliza kuhusu nyumbani kwake, na nyumbani kwake hakuingia mtu. Kisha akasema alidhani hasira yake ilikuwa juu ya mwanamke yule tu, hakujua kwamba kulikuwa na mtoto anakua nayo.

Shauri likaahirishwa mpaka siku ya hukumu. Nawaambia, barazani siku ile hakuna aliyepaza sauti. Shabani alimpeleka mama yake kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, akampandisha, akabaki ameshika kile chuma cha mlango kwa muda mrefu. Zuhura alipita karibu nao akielekea stendi, akainamisha kichwa kwa adabu.

Hukumu ilisomwa, ukumbi umejaa. Mheshimiwa alieleza kwamba katika mambo ya madai mahakama haitafuti kuondoa kila shaka kama kwenye jinai, inatafuta upande ulioelemea. Ushahidi wa Zuhura peke yake ulikuwa mwepesi. Uzito ulitoka kwa shahidi wa upande wa pili, aliyesema jambo lililomuumiza mwenyewe, na mtu hasemi jambo la namna hiyo bila sababu. Wazee wa baraza walikuwa na maoni hayohayo. Ndoa imethibitika. Zuhura ni mtoto wa Salehe, aingizwe miongoni mwa warithi. Shabani aendelee kuwa msimamizi. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa. Nilimtazama Zuhura nikidhani atalia. Aliuliza tu kama anaweza kuondoka, amewaachia watu sufuria jikoni.

Siku chache baadaye Shabani alikuja dirishani kuomba nakala ya hukumu. Niliogopa, maana mtu akija kuchukua nakala mapema mara nyingi anakwenda kwenye rufaa. Nilimpa, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakuondoka. Akaniuliza kama najua mahali hasa Zuhura anapopikia pale Mikumi, upande wa juu au wa chini wa barabara. Nikamwambia hilo silijui, lakini akiwauliza madereva wa malori wataonyesha. Akanishukuru. Siku za rufaa zikaisha, hakuna kilichoingia masijala.

Baadaye nikastaafu. Mnafanyiwa chai, mnapewa zawadi ya saa ya ukutani, mnapigwa picha, na kesho yake hamna pa kwenda. Ninachokitamani sicho nilichodhani nitakitamani. Nilidhani nitakumbuka heshima ya kuitwa Mama Karani. Kumbe nakumbuka miguu ya watu barazani. Kandambili za wa mabondeni, viatu vya kamba vya wazee wa milimani, makubazi ya matairi ya wafugaji, vyote vimepangana kwenye benchi moja, watu ambao wasingekaa pamoja popote pengine, wanapeana nafasi, wanaulizana habari za mvua huku kila mmoja ana ugomvi wake mfukoni. Nakumbuka Kisagara pia. Hapa kwa binti yangu hakuna wa kuongea naye. Wajukuu wanaongea maneno ya Dar es Salaam waliyoyapata kwenye simu, wananiita bi mkubwa, na mimi naitikia kwa sababu wanacheka vizuri.

Zuhura nilimkuta hapahapa Mikumi nilipohamia. Nakunywa chai kwake mara kwa mara. Wanawe wananisalimia. Msimu wa mavuno Shabani humletea mchele, na siku ya kwanza nilipowaona pamoja walikuwa wamekaa kwenye viti viwili vya plastiki kama abiria wasiojuana, kila mmoja anatazama barabara. Nilipowaona tena walikuwa wanabishana kuhusu chumvi. Nikajua mambo yameendelea.

Kisha Bi Mwanahawa akafariki. Shabani alimpigia simu Zuhura, naye akanipitia, tukapanda gari moja kwenda Kilosa. Njiani Zuhura alikuwa na wasiwasi, nilimwona. Mtu anaweza kuwa mtoto kwenye hukumu, na bado msibani akakosa pa kukaa. Tulipofika wanaume walikuwa nje, wanawake ndani na uani. Mimi Mkristo, nikakaa uani kwenye mkeka na majirani. Zuhura akabaki amesimama karibu na ukuta, mkoba bado begani, hajui aingie au akae nami.

Binti mkubwa wa marehemu akatoka mlangoni, macho yamevimba. Akatazama huku na huku, akamwona. Akasema mama aliacha neno, watakaomwosha ni binti zake, wote, na mmoja alikuwa anasubiriwa kutoka Mikumi. Akamshika mkono, akamwingiza.

Tulikaa pale uani. Wanawake walikuwa wanasoma Kurani taratibu, sauti inapanda na kushuka. Baada ya muda mrefu Zuhura akatoka. Mikono ya gauni ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye viwiko, ngozi imekunjamana kwa maji. Akaja akasimama mbele yangu kama mtoto aliyetoka shule na habari.

"Mama," akasema, "waliniuliza maji ya kumwoshea yawe ya moto au ya baridi. Waliniuliza mimi."

Nilisogea kwenye mkeka, nikampa nafasi, akakaa.